Hedifoni za mgongo wazi kwa laki nne: anza kwa kukisikiliza chumba

SWALI: Shikamoo kaka. Nimepanga chumba Sinza, tunaishi wawili, mimi na mdogo wangu. Nina kompyuta ya mezani. Usiku nacheza Valorant na Counter-Strike, mchana nikisoma nasikiliza muziki wa kila aina, dansi la zamani, taarab, mpaka amapiano. Hedifoni za gemu nilizonazo zinanitoa jasho hadi ngozi ya mito imebanduka. Nimesikia zile za mgongo wazi hazina joto na zinasaidia kujua adui anatokea wapi. Nina laki nne. Duka moja wameniambia nichukue za omu 250 kwa sababu ndizo za kitaalamu. Duka la pili wamesema nikikosa 7.1 nimetupa hela. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa waache wote wawili, ukisikilize chumba chako. Hicho ndicho kitakachoamua kama hizo hedifoni utazivaa kila siku au zitalala kwenye boksi lake juu ya kabati.

Fanya hivi leo usiku. Saa ile ile unayoanza kucheza, kaa kwenye kiti chako, zima muziki, usivae chochote, utulie dakika kumi. Hesabu unachosikia: feni, mbwa, jirani anayeongea na simu dirishani, bodaboda zinazopita, baa. Sinza naijua, nimekaa huko, na kila Ijumaa ukuta wa chumba changu ulikuwa unapiga besi ya baa ya mtaa wa pili hadi saa nane za usiku. Sasa chochote utakachokisikia hapo ukiwa na masikio matupu, utakisikia pia ukiwa umevaa hedifoni za mgongo wazi. Usidhani zitakipunguza nusu. Kitakuja karibu chote.

Sababu ni umbo lake. Hedifoni ya kawaida ina kikombe cha plastiki nyuma ya spika, kimezibwa. Sauti inayotoka nyuma ya spika inagonga kile kikombe na kurudi, ndiyo maana zile za bei nafuu mara nyingi zina mwangwi kama mtu anaongelea ndani ya ndoo. Ya mgongo wazi kikombe chake hakijazibwa, kina wavu tu. Sauti ya nyuma inajiendea zake, hewa inapita, na muziki unasikika kama uko nje ya kichwa chako kidogo. Si kitu kipya. Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414 mwaka 1968, zile nyepesi za sponji ya njano, na tangu hapo watu wa kusikiliza muziki kwa utulivu majumbani wamekuwa wakizipenda za namna hiyo. Lakini wavu hauchagui: unaotoa sauti ndio unaoingiza sauti.

Kwa hiyo mambo mawili. La kwanza, ile baa. Ikiwa kelele ya nje ni kubwa, mkono wako utapandisha sauti wenyewe bila wewe kujua, ili gemu iishinde baa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki. Mcheza gemu anamaliza hizo saa 4 usiku mmoja wa Jumamosi. Na mvua ikipiga bati, basi tena, utacheza kwa kukisia.

La pili, mdogo wako. Ukicheza kwa sauti ya wastani, mtu aliyelala hatua mbili kutoka ulipo atasikia risasi zako kama redio ndogo iliyowekwa chini ya mto. Hataelewa maneno, ila atasikia. Kuna watu wanalala hata katikati ya ngoma, na kuna wanaoamka paka akikanyaga sakafu. Wewe ndiye unayemjua wako ni yupi. Ukiona jaribio la kiti limekujibu vibaya, yaani baa inapiga kila usiku na dogo ana usingizi mwepesi, usinunue mgongo wazi hata kama umeota. Nunua hedifoni zilizofungwa zenye mito ya kitambaa badala ya ngozi ya bandia. Jasho litapungua sana, na utabaki na chenji.

Nikichukulia chumba kimefaulu, twende mbele.

Ukiingia dukani utakuta hedifoni za gemu zenye wavu mzuri mgongoni, taa za rangi zikiwaka nyuma yake, na muuzaji atakuambia "hizi mgongo wazi kaka". Nyingi si kweli, wavu ni urembo na nyuma yake kuna plastiki. Namna ya kujua ni rahisi. Zivae, omba aweke wimbo wowote, kisha funika vikombe vyote viwili kwa viganja. Za kweli zitabadilika papo hapo, sauti itakuwa nzito, itajifinya kama mtu amefunga mlango. Ukiondoa viganja inafunguka tena. Za urembo hazitabadilika hata chembe. Njia nyingine ni kuziinua kuelekea kwenye taa na kuchungulia: kwenye za kweli mwanga unapenya kwenye matundu pembeni ya spika.

Halafu hili la kujua adui anatokea wapi. Watu wamelikuza. Wewe una masikio mawili, na hedifoni ina spika mbili. Sauti ikitokea kushoto, inafika sikio la kushoto kwanza, na la kulia linaipata ikiwa imechelewa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde na imefifia kidogo kwa sababu kichwa kimeikinga. Sauti za juu, zile nyembamba, zinabadilika pia kwa jinsi zinavyogonga mikunjo ya sikio la nje, na hapo ndipo ubongo unapopata habari ya mbele, nyuma, juu na chini. Kazi ya kutengeneza tofauti hizo ni ya gemu. Kazi ya hedifoni ni kuzifikisha bila kuzivuruga. Mgongo wazi unasaidia kwa sababu hauongezi mwangwi wake wa ndani, na besi haifuniki vitu vidogo, hivyo kishindo cha mguu kwenye ngazi kinasikika kikiwa kishindo, wala hakichanganyiki na mngurumo. Ndicho unachokipata. Hautaanza kuona kupitia ukuta.

Kwa hiyo 7.1 ya yule muuzaji wa pili mara nyingi ni programu tu inayochukua sauti na kuipaka mwangwi ili ionekane inatoka pande saba. Kwa filamu inaweza kupendeza. Kwa gemu zako ni hasara: Valorant ina HRTF yake kwenye mipangilio ya sauti, yaani hesabu ya kutengeneza zile tofauti za sikio na sikio, na Counter-Strike nayo inatengeneza mwelekeo wa sauti yenyewe kwa ajili ya hedifoni. Ukiwasha ya gemu na juu yake ukawasha ya Windows au ya kadi ya sauti, unachuja chai iliyokwisha kuchujwa. Vishindo vinapoteza ukali wake, na adui aliye nyuma anasikika kama yuko kila mahali. Chagua moja. Mimi nawasha ya gemu, nazima nyingine zote, naacha Windows kwenye stereo.

Sasa omu 250. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea, nami nilipotea.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyougomea umeme. Za omu nyingi zilitengenezwa zaidi kwa ajili ya studio na vituo vya redio, ambako kuna amplifaya zenye volti za kutosha. Hazina utaalamu wowote wa ziada kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Miaka hiyo nilinunua hedifoni za omu 250 kwa sababu kama hiyo yako, nikaja nazo nyumbani, nikazichomeka kwenye simu, nikaweka taarab asilia, ile inayoanza na kanuni, ile ala ya nyuzi, peke yake. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Kanuni nikaisikia kwa mbali kama iko nyumba ya tatu. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Zilikuwa nzima kabisa, simu ndiyo haikuwa na nguvu.

Tupige hesabu, si ngumu. Chukua kifaa kidogo kinachotoa volti 1, kama ile adapta fupi ya Apple ya USB-C ya kuchomekea hedifoni, inayouzwa Marekani kwa dola 9. Nguvu inayoingia kwenye hedifoni ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Hedifoni ya omu 32 inapata miliwati 31. Ya omu 250 inapata miliwati 4. Kisha angalia usikivu, yaani desibeli ngapi zinatoka kwa miliwati 1. Philips SHP9500 ni omu 32 na usikivu wa desibeli 101, kwa hiyo volti 1 inaifikisha kwenye desibeli 116. Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250 ina usikivu wa 96, inaishia kwenye 102. Tofauti ni desibeli 14. Sikio huona kila desibeli 10 kama sauti imekuwa kubwa maradufu, kwa hiyo unaona pengo lilivyo. Na zipo adapta na simu zinazotoa nusu volti tu, hapo unapunguza desibeli 6 nyingine. Wimbo wa kisasa uliobanwa kwa sauti kubwa bado utasikika vizuri kwenye omu 250. Rekodi ya zamani iliyo chini, au gemu yenye kimya kirefu kisha mlipuko, itakosa pumzi.

DT 990 ni hedifoni nzuri, wala sizisemi vibaya. Mito yake ya mahameli ni raha, na vipuri vyake vinapatikana. Ila sauti zake za juu zina ncha, hasa kwenye herufi "s" na matoazi, na waya wake wa mkunjo haubanduki kwenye kikombe. Ukizitaka, nunua na amplifaya. Laki nne haitoshi vyote viwili, kwa hiyo tuziache.

Usije ukadhani pia kwamba omu chache ndiyo tiba. HiFiMan HE400SE ina omu chache, lakini usikivu wake umeandikwa desibeli 91. Inakunywa umeme kama pampu. Hizi zimetengenezwa tofauti: badala ya koni ya karatasi au plastiki yenye koili, kuna utando mwembamba sana uliopakwa njia za umeme, umetandazwa mbele ya sumaku, na unasukumwa wote kwa pamoja. Faida yake utaiona kwenye amapiano.

Hilo la amapiano nalo lazima nikwambie kabla hujanilaumu. Ugonjwa wa mgongo wazi ni besi ya chini kabisa. Sauti ya mbele ya spika na ile ya nyuma zinakutana pembeni ya kikombe na kuuana, na zinazokufa zaidi ni zile nzito, zile za hezi 20 hadi 50 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) ambazo kwenye spika kubwa unazisikia zaidi kwa kifua kuliko kwa sikio. Ile ngoma ya amapiano inayoteleza chini utaisikia, utajua noti yake, lakini haitakusukuma. Kama umezoea hedifoni za gemu zinazotetemesha taya, wiki ya kwanza utaona umeibiwa. HE400SE na ndugu zake wa utando wanashuka chini vizuri zaidi, ndiyo maana nimezitaja licha ya njaa yake ya umeme.

Kwenye dansi la zamani, hapo utacheka mwenyewe. Tafuta wimbo wenye magitaa matatu, solo, rithimu na besi, uliorekodiwa stereo. Kwenye hedifoni zako za sasa nina hakika rithimu unaisikia kama mkwaruzo tu nyuma ya solo. Kwenye mgongo wazi mzuri utamsikia yule wa rithimu akibadilisha mkono, utamsikia anapoachia nyuzi nusu mpigo kabla ya solo kupanda. Tumba zinatoka nyuma yao, na nafasi kati ya chombo na chombo inaonekana. Taarab nayo: fidla zikiwa nne, utajua ni nne. Ila ukikuta rekodi ya mono, yaani sauti ile ile kwa masikio yote mawili, na za zamani nyingi ni mono, kila kitu kitakaa katikati ya kichwa na hakuna hedifoni ya bei yoyote itakayokipanua. Usirudishe mzigo dukani kwa sababu hiyo.

Sasa nitaje majina. Kwa laki nne, na ukikumbuka kwamba ukiagiza nje usafiri na ushuru vinakula humo humo, chaguo langu la kwanza kwako ni Philips SHP9500, au mrithi wake SHP9600 ukimkuta kwa bei isiyotofautiana sana. Zinapigwa na chochote, hata tundu la kompyuta. Mito ni ya kitambaa kinachopitisha hewa. Sauti ya waimbaji iko mbele, na nafasi ya vyombo ni pana. Kilema chake ni kwamba mito ya 9500 imegandishwa, kuibadilisha ni kazi ya kisu na gundi, na kama una kichwa kidogo zitakupwaya ukiinama kuokota kalamu. Besi ya chini ni hafifu, nimeshasema. Uzuri mwingine ni kwamba waya wake unachomoka kwenye kikombe, nitaurudia hapo chini kwenye maiki.

Ukiweza kuvumilia miezi miwili mitatu ukaongeza, Sennheiser HD 560S. Ilitoka mwaka 2020 kwa dola 199 na mara nyingi huwa inashushwa bei. Ina omu 120, lakini usikivu wake ni mzuri kiasi kwamba ile adapta ya volti 1 inaitosha. Ni nyepesi, gramu 240, na kati ya nilizozitaja ndiyo ninayoiamini zaidi kunionyesha rekodi ilivyo. Kwa muziki wako na gemu zako kwa pamoja ingekuwa jibu langu, kama si ile laki nne.

Kama shida yako ingekuwa vishindo peke yake, ningekutajia Audio-Technica ATH-AD700X. Vikombe vikubwa, havigusi sikio kabisa, na zina mabawa mawili juu badala ya ukanda wa kichwa. Upana wake ni wa ajabu. Amapiano sahau. HE400SE chukua ikiwa tu tayari una amplifaya au kadi ya sauti ya nje yenye nguvu, na shingo yako inabeba karibu gramu 390 saa nne mfululizo.

Na kama bado una shaka na habari nzima ya mgongo wazi, jaribu kwa hela ndogo. Koss KSC75 ni vile vya kuning'iniza kwenye sikio, havina ukanda, Marekani vinauzwa kama dola 20. Ndugu yake Porta Pro yupo tangu 1984 na sura yake haijabadilika. Vyote ni vya wazi, omu 60. Vinaonekana kama vifaa vya kuchezea, na mtu atakucheka, mpe asikilize. Vitakuonyesha kama dogo ataamka, kama baa itakusumbua, kama unaweza kuishi bila mtetemo. Ikishindikana hukupoteza mengi, na vitakufaa kwa kutembea. Mimi ninavyo viwili.

Usitumie laki nne yote kwenye hedifoni. Bakiza kiasi kwa vitu viwili. Cha kwanza maiki, kwa sababu hedifoni hizi hazina maiki. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola inatosha sana kuongea na timu. Ukipenda inayosimama mbele ya mdomo, V-MODA BoomPro ni waya wenye maiki unaochomekwa kwenye kikombe mahali pa waya wa kawaida, na SHP9500 inaupokea. Angalia pini yake: yenye mikanda mitatu myeusi inabeba sauti na maiki pamoja, na kompyuta yako ya mezani huenda ina matundu mawili, la kijani na la pinki. Hapo unahitaji kigawanyio, kipande kifupi cha waya chenye mdomo mmoja na pini mbili. Wauzaji wengi wanakusahaulisha hicho, unarudi tena Kariakoo kwa ajili ya kitu cha elfu chache. Na maiki usiiweke karibu na kikombe. Sauti inavuja, wenzako watasikia risasi zako mara mbili. Bluetooth kwa gemu achana nayo, inachelewesha, na ukiwasha maiki yake mara nyingi muziki unageuka kama wa simu ya mezani.

Cha pili ni ile adapta ya USB. Ina kazi nyingine zaidi ya nguvu. Chomeka hedifoni nyuma ya kompyuta, usicheze chochote, sogeza mausi. Ukisikia "zzz" inayofuata mkono wako, au mngurumo usiokoma, huo ni umeme wa kompyuta unaingia kwenye njia ya sauti. Kwenye nyumba zetu nyingi za kupanga soketi ina tundu la tatu lakini waya wa ardhi haujafika popote, ndiyo maana wakati mwingine ukigusa kasha la kompyuta ukiwa peku linakutekenya. Hedifoni za mgongo wazi zinazosikia vitu vidogo zitakuonyesha kelele hizo ambazo hukuwahi kuzisikia. Adapta ya nje ya USB mara nyingi inamaliza ile ya mausi. Ile ya waya wa ardhi mwambie mwenye nyumba amlete fundi umeme, siyo suala la muziki tena. Angalizo: adapta ya Apple kwenye baadhi ya simu za Android hutoa sauti ndogo kuliko inavyoweza. Kwenye kompyuta ya Windows haina tatizo hilo.

Pia kuna kitu cha bure. Pakua Equalizer APO, programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, inafanya kazi ndani ya Windows yenyewe, na kuna orodha ya AutoEq yenye marekebisho yaliyopimwa kwa hedifoni moja moja kwa jina. Unaweza kupandisha hezi 60 hadi 100 kidogo, desibeli 3 au 4, amapiano ikapata mwili. Ukipandisha, shusha kiwango cha jumla kwa namba hiyo hiyo ili isikwaruze. Usijaribu kuipa hezi 30 desibeli 12. Koni itapiga kelele ya plastiki na bado kifua hakitasikia kitu. Na mtu akikuambia uziache zicheze saa mia ndipo zitaiva, zivae tu, kinachoiva ni sikio lako kuzizoea.

Feki zipo, na za majina makubwa ndizo nyingi. Niliwahi kuuziwa moja kwa bei ya kirafiki na muuzaji niliyemwamini. Boksi lilikuwa zuri kuliko la orijino. Nilikuja kugundua kwa waya: ulikuwa mwepesi, na alama za kushoto na kulia zilikuwa zimegeuzwa. Tangu hapo sinunui bila kujaribu dukani. Nenda na simu yako yenye wimbo unaoujua hadi kikohozi cha mwimbaji, na video fupi ya kupima kushoto na kulia. Hakikisha upande unaotamkwa ndio unaolia. Zungusha kichwa, inama. Kama unavaa miwani, vaa nayo. Fanya mtihani wa viganja. Muuzaji akikukatalia kufungua boksi, mshukuru utoke.

Ukishazipata, kumbuka spika zake hazina mlango. Vumbi la Dar linapita kwenye wavu, na nywele moja fupi ikiangukia kwenye utando utasikia mkwaruzo kila besi inapopiga, utadhani imepasuka. Kabla ya kulia, vua mto kama unavulika, geuza kikombe kitazame chini, gonga kwa kidole taratibu. Mara nyingi inadondoka. Usipulize kwa mdomo, unatia mate. Usizitundike kwenye ncha ya kiti chini ya feni. Zifunike na kitambaa safi, khanga nyepesi inatosha, na pini ya waya uifute mara moja moja, maana hewa yetu ya chumvi inaitia kutu mpaka sikio moja linaanza kukatika.

Basi fanya lile jaribio la kiti siku mbili, moja iwe Ijumaa. Niandikie saa ulizokaa, ulichosikia, na kama dogo analala usiku au anajifanya. Ukiniambia pia kompyuta yako ina matundu gani ya sauti, nitakutajia kigawanyio cha kununua ili safari ya Kariakoo iwe moja.